Ukuta Uliojengwa Ili Ubomolewe

Shule ya Wasichana,
9 Februari 1985

Mdogo wangu Kifutio,

Shikamoo ni yako kunipa, na kwa kuwa najua utasahau, nimeshaiitikia: marahaba. Sisi wazima. Mama amefika salama na masanduku mawili na jogoo ambaye hakualikwa. Goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini halimsumbui akienda kusikiliza mambo ya watu. Nimempa chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama uwanja wa shule, na ndani ya wiki moja ameshajua mwalimu gani huchelewa na kwa sababu gani. Wifi yangu mpe mkono. Binti yetu nasikia ameanza darasa la kwanza. Mwambie shangazi yake anasema shule ni tamu, na asipouona utamu avumilie.

Sasa lililonikalisha kitini. Huku kumejaa uvumi kwamba wizara yenu inataka kuuvunja ukuta ulio kati yetu na shule ya wavulana, zizaliwe shule moja. Hilo sina ugomvi nalo. Lakini shule moja haina wakuu wawili, na upande wa pili mkuu ni yule Bwana Kengele. Nimeshakusimulia habari zake: mwalimu wa fizikia anayepiga kengele ya shule kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu haamini kama kuna mwingine duniani anayejua saa. Ndiye aliyeniandikia mwaka juzi kwamba kwaya ya wasichana wangu inamvuruga akifundisha mwanga. Nikamjibu kwamba, kwa elimu yangu ndogo, mwanga haukatizwi na sauti. Tangu hapo hatusalimiani, tunapeana saa tu.

Wewe uko jikoni mwa mageuzi yenyewe. Niambie, nani atakuwa mkuu?

Dada yako,
Bibi Mkuu (kwa sasa)


Wizara, Idara ya Mageuzi ya Elimu,
2 Machi 1985

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia. Kwetu ni wazima, ila binti yako amegoma. Siku ya kwanza alikwenda shule akiimba. Siku ya pili nikamwamsha, akaniangalia kwa mshangao, akasema, "Si nilikwenda jana?" Mimi ndiye ofisa wa elimu, dada, na mtoto yuko uvunguni mwa kitanda. Wifi yako anacheka mpaka anajishika mbavu. Mama mpe shikamoo yangu, na jogoo mwangalie kwa jicho la sufuria.

Uvumi ni kweli. Waraka umetiwa saini. Shule zote za wavulana na wasichana zilizopakana zitaunganishwa: maabara moja, maktaba moja, ratiba moja. Yenu ndiyo ya kwanza nchi nzima, kwa sababu ukuta wenu ndio mrefu kuliko yote.

Kuhusu nani atakuwa mkuu, mvua huku zimenyesha vizuri mwaka huu.

Nina ombi. Nimepewa kazi ya kuandika historia fupi ya shule hizo mbili kwa ajili ya hotuba, na majalada yetu ya zamani yameliwa na mchwa. Niandikie unayoyajua. Muulize na Mama, si alisoma hapo?

Mdogo wako


Shule ya Wasichana,
16 Machi 1985

Mdogo wangu,

Mvua hata huku zimenyesha vizuri, ahsante. Nimekuelewa, na sijakusamehe. Mwambie binti yetu kwamba hata mimi naulizaga kila Jumatatu, "Si nilikwenda Ijumaa?"

Historia hiyo hapa, uipake rangi upendavyo. Shule ya wavulana ilianzishwa na wakoloni. Walitaka makarani, watu wa kunakili walichoambiwa kwa mwandiko mzuri bila kuuliza kwa nini. Makarani wakapata mishahara, wakapata mashati, vifungo vikakatika. Ndipo ikaonekana haja ya kumsomesha mwanamke. Wakajenga upande wetu, wakatupa cherehani na masufuria. Maabara ikabaki kwa wavulana, maana mkaguzi mmoja alisema moshi wa kemia huharibu ngozi laini. Moshi wa kuni, inaelekea, hauna neno.

Ukuta ulijengwa Mama akiwa mwanafunzi hapa. Nilimuuliza jana tukichambua mchele.

"Nani aliujenga, Mama?"

"Sisi!" Akacheka mpaka ungo ukamponyoka. "Fundi alipanga matofali tu. Mchanga tulibeba sisi wasichana kwa karai, hakuna masomo mpaka ukuta umalizike. Tukapewa biskuti."

"Mlijua ni wa nini?"

"Tuliambiwa ni wa kuzuia upepo." Akaokota punje chini. "Na kweli upepo ulizuilika. Tangu siku ile hakuna kilichopita."

Tukapata uhuru. Bendera ikabadilika, wimbo ukabadilika, ukuta ukapakwa chokaa. Ikaja enzi ya majembe: kila mwanafunzi aje na jembe lake. Wizara ikasahau kusema nani aje na mbegu. Ikaja hisabati mpya. Unakumbuka? Tulichora viduara tukatia mbuzi ndani. Marehemu Baba akaniuliza, "Hao mbuzi ni wangapi?" Nikamjibu kwamba siku hizi hilo haliulizwi. Akauweka uso mikononi. Kila mageuzi yalikuja kwa gari, yakapiga picha, yakaondoka na vumbi lake, na ukuta ukayasindikiza yote kwa macho.

Fizikia ya upande wetu ni ya kukariri picha, mdogo wangu. Juzi msichana wa kidato cha tatu, akili kali kama wembe, aliniuliza kama waya wa umeme ukiguswa una mdundo kama mshipa. Sikuwa na jibu, na mita chache tu kutoka pale kuna chumba kizima cha majibu.

Ndiyo maana nakuambia wazi: ukuu huo nautaka. Sisi wanawake tumefunzwa kusema, "wakiona ninafaa." Mimi nafaa, na nimeshaona.

Jibu upesi.

Dada yako


Wizara, Idara ya Mageuzi ya Elimu,
20 Aprili 1985

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, vikao vimekuwa vikizaa vikao. Binti yako amerudi shule kwa masharti yake: anakwenda siku ambazo mwalimu amevaa gauni la maua. Wifi yako amefahamiana na mwalimu, na sasa gauni la maua halipumziki. Mama anaendeleaje na goti?

Historia yako tuliisoma ofisini kwa sauti. Mkurugenzi alicheka hadi kwenye enzi ya majembe, akanyamaza. Kumbe jembe lilikuwa wazo lake.

Sherehe itakuwa tarehe 15 Juni. Mgeni Rasmi atafika mwenyewe na kuupiga ukuta nyundo ya kwanza. Nyundo tayari imenunuliwa na mpini umepakwa rangi ya dhahabu. Picha zitatoka kwenye magazeti yote. Kwa hiyo nakuagiza kikazi na kindugu: ukuta huo ni mali ya serikali, usiguswe hata kwa ukucha mpaka siku hiyo. Kuna watu hapa wanatafuta sababu ndogo tu ya kusema mkuu fulani hafuati taratibu. Umenisikia?

Kuhusu ukuu, mambo yanakwenda. Unajua mambo ya serikali yana miguu mingi na yote mifupi.

Mdogo wako anayekupenda


Shule ya Wasichana,
4 Mei 1985

Mdogo wangu mpendwa sana,

Natumaini hujambo, wifi hajambo, mkurugenzi hajambo na nyundo yake haijambo. Hapa ni amani tupu. Wanafunzi wanasoma, maua yanachanua. Ukuta upo. Nisisitize kwamba upo, kwa kiasi chake. Usiwe na wasiwasi wowote.

Dada yako mtiifu

Mwanangu, ni mimi mama yako. Bahasha hii nimeifungua kwa mvuke wa birika, usimwambie. Dada yako hajawahi kuandika neno "mtiifu" tangu azaliwe, ungeshtuka mwenyewe. Ukuta hauko. Yaani upo huku na upo kule, ila katikati panapita ng'ombe. Watoto wanaingia maabara kila alasiri, na wale wa kiume wako jikoni wanajifunza kupika uji, na wameunguza masufuria yote. Yule Kengele hushinda hapa barazani. Jogoo mzima. Goti ni lilelile.


Wizara,
10 Mei 1985

DADA,

Shikamoo. Salamu nyingine baadaye.

Panapita NG'OMBE?

Mgeni Rasmi anakuja kubomoa nini, hewa? Nyundo ya dhahabu atampiga nani? Ikijulikana kwamba umevunja mali ya serikali bila kibali, kazi utakayopewa ni kupanga vitabu vilivyochanika kwenye ghala. Pakae kama palivyokuwa! Sitaki kujua kwa njia gani. Jengeni.

Na mshukuru Mama.


Shule ya Wasichana,
26 Mei 1985

Kifutio,

Marahaba. Mama nimemnyang'anya birika.

Sikuuvunja mimi, ulianza wenyewe. Zile mvua nzuri ulizonisimulia ziliuangusha kipande mwezi wa tatu, upana wa mlango hivi. Asubuhi nilikwenda kutazama, nikamkuta Kengele upande wake naye anatazama. Tulisimama muda mrefu, kila mtu na kifusi chake. Nikasubiri aseme tuujenge. Akasema, "Bibi Mkuu, wale wasichana wawili wanaosimama kila siku chini ya dirisha langu la maabara, ni wako?"

Nikasema, "Nitawaadhibu."

Akasema, "Usiwaadhibu. Waambie waingie. Jana nilikosea hesabu ubaoni, nikasikia mtu anaguna nje kabla mimi sijagundua."

Basi tukakubaliana. Nikamwambia kwetu hakuna cha bure: wasichana waingie maabara, wavulana waingie jikoni na kwenye cherehani. Na kwa kuwa pengo la upana wa mlango halitoshi darasa zima, tulilisaidia kidogo. Hukuambiwa kwa sababu wewe ni serikali. Nikukumbushe pia kwamba ndiwe uliyekula kifutio cha Baba ukidhani ni peremende, ukaapa kwa mdomo mweupe kwamba hujakiona. Siri hukai nayo.

Sasa tunajenga. Mwalimu wa ufundi, wavulana na wasichana, wote wamo kwenye tope. Nilimwambia mwalimu afanye ukuta wa uongo, mchanga mwingi na saruji ya kunusia. Amekasirika. Anasema hajawahi kujenga vibaya maishani na hataanza mbele ya wanafunzi. Kengele anamwunga mkono. Wanasema eti pembe lazima ziwe nyoofu! Watoto wananiuliza, "Mwalimu, tunajenga ili iweje?" Nawajibu ni somo la historia, kwa vitendo. Mama amekaa kwenye kiti akiwatazama wasichana wakibeba mchanga. Hajatia neno, na unajua jambo hilo ni zito.

Nijibu swali moja tu, la mwisho. Nasikia kamati ya uteuzi inakaa hivi karibuni nawe umo. Jina langu likitajwa, utasema nini? Sikuombi upendeleo. Nakuomba uwaeleze ulichokiona kwa macho yako: nani aliyeifikisha shule hii ilipo.

Dada yako


Wizara, Idara ya Mageuzi ya Elimu,
5 Juni 1985

Dada,

Shikamoo. Wote wazima. Binti yako ameweza kuandika jina lake, kaliandika ukutani sebuleni, kwa mkaa.

Kamati ilikaa juzi. Sina la kukuambia. Si kwamba sitaki. Sina.

Sherehe sitahudhuria, nimetakiwa nibaki ofisini. Msalimie Mama. Mkingeni na jua la siku hiyo, asikae bila mwavuli.

Mdogo wako


Shule ya Wasichana na Wavulana,
18 Juni 1985

Mdogo wangu,

Barua yako ya mwisho niliichana. Nilisema, huyu mtoto niliyembeba mgongoni mpaka nikapinda, ameona aibu hata kulitaja jina langu mbele ya wakubwa. Wiki nzima sikulala vizuri. Yashike hayo kwanza, mengine yanakuja.

Mgeni Rasmi alifika saa sita wakati alitarajiwa saa tatu. Hotuba yako aliisoma vizuri, isipokuwa "enzi ya majembe" aliiita "enzi ya majumbe", na wazee waliokuwa mbele wakapiga makofi wakidhani wametajwa. Akavua koti, akashika nyundo yake ya dhahabu, wapiga picha wakapiga magoti. Akapiga. Ukuta ukatoa sauti kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini. Akapiga tena. Mara ya tatu mpini ukavunjika, kichwa cha nyundo kikarukia kwenye maua.

Mwalimu wa ufundi alikuwa anatabasamu, nilitamani kumfinya.

Wanafunzi wakaona wamsaidie mgeni. Wavulana kwa upande wao wakasukuma, wasichana kwa upande wetu wakasukuma, kwa kelele na moyo wote, ukuta umesimama katikati kama mzee anayegombaniwa na wakwe. Ndipo Kengele akapanda juu ya meza kuu, mbele ya Mgeni Rasmi, akapaza sauti: "Nyinyi! Nimewafundisha nini? Nguvu mbili zilizo sawa zikielekeana, kitu hakiendi popote! Upande mmoja, wote!"

Wavulana wakauzunguka ukuta mbio, wakaja kwetu. Kwa mara ya kwanza nikawaona wote mahali pamoja, mabega yamechanganyika, huyu kamkanyaga yule. Yule msichana wangu wa swali la waya ndiye aliyehesabu: moja, mbili, tatu! Ukaenda. Kipande chote tulichokijenga. Vumbi lilipotua, Mgeni Rasmi alikuwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu, anacheka kama mtoto. Picha hiyo ndiyo imetoka magazetini, nadhani umeiona.

Kisha akatoa karatasi, akasoma kwamba mkuu wa shule hii mpya ni mimi.

Nilikuwa nimejiandaa kushindwa kwa adabu. Kushinda sikuwa nimejiandaa, nikabaki nimekaa mpaka Mama akanichoma kwa ncha ya mwavuli. Kengele alikuwa amevaa suti mpya. Nilimwona akikunja karatasi ya hotuba yake ndogo, akaitia mfukoni polepole. Siku zote nilidhani nikimshinda nitaruka. Sikuruka. Akanyanyuka, akafunga kifungo cha koti (amekishona mwenyewe, siku hizi anaweza), akanipa mkono. "Bibi Mkuu, hongera. Naomba jambo moja: fizikia ya kidato cha kwanza usimpe mtu mwingine. Wasichana wako wananiuliza maswali yanayonikimbizia usingizi. Nilikuwa nimeanza kuzeeka." Nikamwambia ni yake mpaka atakapochoka.

Wakati wa chakula nikakaa na katibu wa Mgeni Rasmi. Akaniuliza, "Wewe ndiye dada yake yule wa benchi?" Benchi gani? Akanisimulia. Kwamba jina langu lilipofikiwa ulisimama ukasema, "Huyu ni dada yangu wa tumbo moja. Natoka nje, na nikitoka msinihesabu." Kwamba ulikaa kwenye benchi la ukumbini mpaka jioni, na kila aliyepita alidhani umekuja kutafuta kazi. Mfagiaji mmoja alikupa chai na kukutia moyo.

Sasa hakuna atakayesema nimepewa na mdogo wangu. Nimeelewa. Lakini mjinga wewe, kwa nini hukuniambia? Au najua. Ungeniambia, ningepanda basi la kwanza nikakushike sikio nikurudishe ndani.

Mkiwa na nafasi njooni. Mlete binti yetu na mkaa wake, kuta zilizobaki ni chache lakini tutampa.

Dada yako,
Bibi Mkuu (bila mabano)


Kwa dada yako,
9 Julai 1985

Mwanangu,

Hujambo? Mkeo hajambo? Mjukuu wangu mwambie nimeona maandishi yake uliyonitumia, "k" yake inakimbia lakini itarudi. Safari hii sikufungua bahasha ya mtu, hii ni barua yangu mwenyewe na stempu nimenunua mwenyewe. Dada yako ana shughuli hata ya kula hapati, wanafunzi wamekuwa wengi kama siafu, na anafurahi ingawa anasema hafurahi.

Mimi na goti langu sasa tunakwenda maabara. Kengele ameniruhusu kukaa benchi la nyuma pamoja na kidato cha kwanza, saa za fizikia. Miaka yote nilijiuliza wanafanya nini mle ndani, maana sisi tulikuwa tunaona moshi tu juu ya ukuta. Kumbe wanapima. Kila kitu wanakipima. Wiki iliyopita wamepima joto la maji mpaka yalipochemka, nikasema hilo hata mimi nilijua, maji yakichemka yanachemka. Kengele akaniuliza, "Na yakiendelea kuchemka, joto linapanda?" Nikasema ndiyo. Wakaendelea kuwasha moto, na ule mstari mwekundu umekaa palepale, haupandi, haupandi! Mwanangu, nimechemsha maji tangu utoto. Sikulala nikiufikiria ule mstari.

Leo nilikaa karibu na msichana mmoja mcheshi, nikawa namweleza habari za mkaguzi na ngozi laini. Kengele akasema nyamazeni. Tukanyamaza kidogo. Kisha nikakumbuka sehemu iliyobaki, yule binti akaangua kicheko, na mimi nikaangua. Kengele akaweka chaki chini, akanyoosha kidole mlangoni.

"Mama, wewe. Nje. Utasimama nje mpaka kipindi kiishe."

Darasa lote likaniangalia. Nikachukua fimbo yangu, nikatoka kwa heshima zote, nikasimama nje kwenye ukuta wa maabara, jua linaniwakia usoni. Walimu wawili walipita wakaniuliza, "Mama, kuna nini?" Nikawaambia bila kuficha: "Nimefukuzwa kwenye fizikia."

Mwanangu, sijui kama nimewahi kusema neno lolote kwa fahari kama hiyo.

Kesho narudi. Nimeahidi kunyamaza.

Mama yako